Boxer wangu anaogeshwa kila Jumamosi, mbona bado ananuka?

*"Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume wa aina ya Boxer, ana miaka 3 na uzito wa kilo 31. Nilipomchukua niliambiwa manyoya yake mafupi hayana kazi. Namwogesha kila Jumamosi kwa shampuu yangu mwenyewe, ile ya nywele kavu, na namsugua kwa brashi ya kufulia mpaka maji yatoke meupe. Ikifika Jumatatu ananuka tena. Mgongoni ana mba, na vinywele vyake vimejaa kwenye makochi na hata kwenye nguo zilizotoka kufuliwa. Shemeji anashauri tumnyoe kabisa yaishe. Kucha sizigusi tena: mwezi uliopita nilikata moja ikatapakaza damu sakafu nzima, na sasa akiona mkasi anaingia chini ya meza. Nakosea wapi?"*

Marahaba. Kosa lako ni la mtu mwenye bidii, na hilo hurekebishika upesi kuliko la mvivu. Umeleta malalamiko manne, lakini matatu kati ya hayo, yaani mba, harufu na sehemu ya manyoya yanayopukutika, yanaelekea kuanzia mahali pamoja: Jumamosi yako. Kucha ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwanza tuliondoe hilo la "manyoya mafupi hayana kazi". Kila unywele wa mbwa una maisha yake: unakua, unapumzika, unaanguka, mwingine unaota palepale. Kwa mbwa kama Boxer muda wa kukua ni mfupi sana, ndiyo maana unywele hauwi mrefu, lakini idadi ya nywele zinazoanguka si ndogo hata kidogo. Tofauti yake na mbwa wa manyoya marefu ni kwamba kwa yule nywele zilizokufa hunaswa kwenye zile nzima na kubaki mwilini zikisubiri kitana. Za kwako hazina pa kunasa, zinashuka moja kwa moja kwenye kochi. Tena ni ngumu na zina ncha, kwa hiyo zinachoma kitambaa na kuzama humo kama vijiba vya samaki. Kuzitoa kwenye sweta ni kazi ya jioni nzima.

Sasa ushauri wa shemeji. Mkimnyoa, nywele zitaanguka zilezile, kwa idadi ileile, ila zikiwa na urefu wa milimita mbili tatu badala ya sentimita moja na nusu. Zitakuwa ngumu zaidi kufagia. Mbwa naye atakuwa amepoteza kivuli chake: ngozi itapigwa na jua, itaumwa na mbu, itakwaruzwa na kila kichaka. Kama Boxer wako ana sehemu nyeupe, zile ambazo ngozi yake chini ni ya waridi, hatari ya kuungua na jua ni kubwa, na kuungua mara kwa mara kwa miaka huweza kuzaa saratani ya ngozi. Mashine ya kunyolea iacheni kabisa.

Turudi kwenye shampuu. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu: lina safu za seli 3 hadi 5 hivi, wakati ya binadamu ina 10 hadi 15. Ngozi yetu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) huzunguka 5.5, na shampuu zetu hutengenezwa kwa kulenga hapo. Ngozi ya mbwa iko karibu zaidi na katikati, kwenye 7. Kando ya kila unywele kuna tezi ndogo inayotoa mafuta. Mafuta hayo husaidia kuilinda ngozi, maji ya mwilini yasipotee na vijidudu visiingie. Wewe kila baada ya siku 7 unayakwangua yote. Ngozi inakauka, seli za juu zinabanduka kwa mafungu badala ya moja moja, na mafungu hayo ndiyo mba unayoiona mgongoni. Kisha bakteria na fangasi ambao siku zote huishi pale kwa amani wanapata mlango, wanaongezeka, na wao ndio wenye harufu. Kwa maneno mengine, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuoga kwake kwenyewe kunachangia harufu ya Jumatatu. Shampuu ya mtoto haina nafuu hapa, maana kutowasha macho si sawa na kuifaa ngozi ya mbwa. Sabuni ya vyombo nayo huondoa mafuta kuliko zote.

Sisemi kwamba kuogesha kila wiki ni dhambi. Mbwa mwenye mzio au maambukizi ya ngozi huweza kuandikiwa na daktari kuogeshwa mara moja au mbili kwa wiki, kwa shampuu maalumu, na akapata nafuu. Swali ni anaogeshwa kwa kitu gani, vipi, na kwa sababu gani. Mbwa mzima wa manyoya mafupi hutosheka na kuoga mara moja kila wiki 4 hadi 8, au siku aliyojigaragaza kwenye kitu kilichooza.

Brashi ya kufulia ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote, na hapa naomba usome taratibu. Ngozi iliyolowa hulainika, na matundu ya nywele hulegea. Ukisugua kwa nguvu huku ukirudisha manyoya kinyume na yanavyolala, vile vinywele vifupi na vigumu hurudishwa ndani ya matundu yake na kuyachana kwa ndani. Kama shampuu ina bakteria, hasa wa jamii ya *Pseudomonas* wanaopenda maji, umewapandikiza chini ya ngozi kwa mkono wako mwenyewe. Siku moja hadi tatu baada ya kuoga mbwa anakuwa mzito, hataki kuguswa mgongo, anapata homa, kisha vinatokea vijipu vyenye damu au usaha kuanzia shingoni hadi kiunoni. Maumivu yake ni makali, mbwa mpole anaweza kung'ata. Watu hudhani ameumia uti wa mgongo kwa sababu manyoya huficha vijipu mwanzoni. Si tatizo la kila siku, lakini huwapata hasa mbwa wa manyoya mafupi, na linahitaji daktari siku hiyohiyo, mara nyingi na dawa za kumeza kwa wiki kadhaa. Bakteria hao hutoka wapi? Mara nyingi kwenye chupa ya shampuu iliyochanganywa na maji ikaachwa bafuni. Ukishaongeza maji, kihifadhi kilichomo hupungua nguvu. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, kinachobaki kimwage, na chupa uisuuze na kuikausha.

Hivyo, anza kwa kuacha. Usimwogeshe kwa wiki 4. Seli ya ngozi ya mbwa huchukua takriban wiki 3 kusafiri kutoka chini hadi juu, na wiki ya ziada ni ya kuangalia kama ngozi mpya imetulia. Akichafuka matope, mwache yakauke, yapukute kwa brashi, miguu uisuuze kwa maji matupu. Wiki mbili za kwanza harufu huenda ikazidi kidogo, vumilia.

Kazi ya usafi ifanywe na brashi. Unahitaji vitu vitatu tu: brashi ya mpira yenye vidole vifupi butu au glavu ya mpira ya namna hiyo, brashi ya nywele za asili zilizokaza kiasi, na kitambaa laini. Vile vyuma vyenye meno makali vinavyouzwa kwa kazi ya kupunguza manyoya vilitengenezewa mbwa wenye sufu nene chini ya manyoya ya juu. Boxer hana sufu ya kutajika, kwa hiyo meno hayo yatakata nywele nzima na kukwaruza ngozi.

Mbwa akiwa mkavu, anzia nyuma ya masikio. Zungusha brashi ya mpira kwa miduara midogo, kwa uzito ule ambao ungetumia kumkanda mtoto mgongo, ukishuka shingoni, mabegani, ubavuni, mapajani. Utaona nywele zilizokufa zinapanda juu na kukusanyika kama vumbi la mbao. Palipo na mfupa karibu, yaani kwenye viwiko, ncha ya nyonga na mbavu za mwisho, punguza uzito. Tumboni na sehemu ya ndani ya mapaja tumia kitambaa peke yake. Mpira ukimaliza, fuata na brashi ya nywele, sasa kwa mwelekeo wa manyoya tu, mikupuo mirefu kutoka kichwani hadi mkiani. Hii ndiyo inayochukua mafuta kwenye shina la unywele na kuyasambaza hadi nchani, na hapo ndipo mng'ao unapotoka. Malizia kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa sana; kitabeba vumbi na vinywele vilivyobaki. Kazi nzima ni dakika 10. Ifanye mara 3 kwa wiki, na kila siku katika majuma ambayo anapukutisha zaidi. Utazipunguza nywele za kwenye kochi sana, ila hutazimaliza. Anayekuahidi kuzimaliza anakuuzia kitu.

Siku ya kuoga ikifika, mpige brashi kwanza akiwa mkavu. Maji yawe vuguvugu, nyuzi 35 hadi 37 hivi. Yale unayoyaona mazuri kwako yanaweza kuwa moto kwake. Tandika mpira au taulo chini asiteleze, maana mbwa anayeteleza ndiye anayepigana. Mloweshe mpaka maji yafike kwenye ngozi. Kwa manyoya yaliyolala kama ya Boxer jambo hilo huchukua dakika 2 au 3, kwa sababu mafuta yake huyasukuma maji. Kama maelekezo ya shampuu ya mbwa yanaruhusu kuchanganya, weka sehemu 1 kwa sehemu 5 hadi 10 za maji, upake kwa kiganja ukifuata manyoya yanavyolala. Shampuu ya dawa usiichanganye na maji mpaka uambiwe, na hiyo kwa kawaida hukaa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Weka saa, usikisie. Kichwani usimwage maji, kitambaa kinatosha.

Kusuuza ndiko wengi wanakoharibu. Kuchukue mara mbili ya muda uliotumia kupaka. Makwapa, kinena, kati ya vidole na chini ya kifua ndiko povu hujificha, na povu lililokauka huwasha siku nzima. Kisha mkandamize kwa taulo bila kumsugua, na ukaushe kati ya vidole.

Kama anatumia dawa ya matone ya viroboto inayowekwa mgongoni, soma maelekezo yake: kwa kawaida mbwa hatakiwi kuogeshwa saa 48 kabla na saa 48 baada. Shampuu ya kila Jumamosi inaweza kuwa imekuwa ikiidhoofisha muda wote huu. Na hapa niseme la pembeni: mafuta ya taa, oili chakavu ya gari, dawa za maji za kuua vijidudu na mafuta ya mti wa chai (yale yanayoitwa "tea tree oil") visimguse. Mbwa hujilamba, kwa hiyo kinachopakwa ngozini huishia tumboni.

Sasa itafute harufu kwa pua yako, kiungo kwa kiungo, badala ya kuogesha mbwa mzima kwa kosa la sehemu moja. Nusa masikio, kisha mikunjo ya usoni, mdomo, kati ya vidole, na chini ya mkia. Mikunjo ya Boxer hukusanya mate na unyevu. Ipanguse kila siku kwa kitambaa chenye maji, kisha uikaushe kwa kingine kikavu. Hicho cha pili ndicho muhimu. Harufu ya samaki waliochina karibu na mkia hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo kando ya tundu la haja, ambavyo kwa mbwa mzima hujikamua vyenyewe anapojisaidia. Usivikamue nyumbani kwa mazoea. Akiburuta makalio sakafuni mpeleke kwa daktari. Masikio yasafishe yakiwa machafu tu. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka kisha hukunja kona kuelekea ndani, hivyo kijiti cha pamba husukuma uchafu hadi konani na kuushindilia. Mimina dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kanda shina la sikio sekunde 30, mwache atikise kichwa, halafu upanguse kinachotoka kwa pamba. Sikio linalonuka, jekundu au lenye maumivu usilitie chochote kabla halijachunguzwa, maana kiwambo chake kinaweza kuwa kimetoboka.

Nusa na godoro lake pia. Watu wengi huogesha mbwa na kumrudisha kwenye blanketi lenye jasho la miguu na mate ya mwezi mzima. Lifue kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinastahimili.

Mba nayo usiiachie dhana moja. Mpige brashi juu ya karatasi nyeusi, kisha itazame karatasi kwa kioo cha kukuzia kwa dakika moja bila kuigusa. Chembe zikisogea zenyewe, hao ni utitiri, na huweza kuwawasha watu pia. Kwa viroboto fanya kinyume: kung'utia vumbi la manyoya ya kiunoni kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vidoa vyeusi vinavyogeuka rangi ya kutu ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyomeng'enywa. Vipimo vyote viwili vikitoka safi na mba ikapungua ndani ya wiki 4 za kupumzika, shampuu ndiyo iliyokuwa mkosaji. Ikibaki vilevile, hasa kama mbwa amenenepa, amekuwa mvivu na manyoya yanapungua ubavuni pande zote mbili, daktari atataka kupima tezi ya shingo kwa damu. Mafuta ya samaki ya omega-3 husaidia baadhi ya mbwa, lakini matokeo yake huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na kipimo chake ulize kwa uzito wake, kwani yakizidi huharisha.

Haya, kucha. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye damu na neva, na ndiyo uliyoikata. Ukucha usiokatwa hukua pamoja na nyama hiyo, na ukikatwa kidogo kidogo kila wiki nyama hurudi nyuma yenyewe. Ukucha unaogonga sakafu hukisukuma kidole juu kila hatua, na mbwa huanza kubadili mkao, kwa hiyo kuziacha si suluhisho.

Usianze na kukata. Siku tatu nne weka mkasi wa kucha karibu na bakuli lake wakati wa chakula, ubaki pale tu. Kisha mguse nao mguuni, umpe kipande cha chakula. Kisha kata ukucha mmoja, mpe chakula kizuri, funga duka. Ana kucha 18, au 16 kama zile za pembeni ziliondolewa akiwa mdogo. Ukucha mmoja kwa siku utamaliza zote ndani ya siku 18 bila vita. Kata milimita 1 hadi 2 kwa mara moja, kisha tazama uso uliokatwa. Kwanza utaona kitu kikavu, cheupe kama chokaa. Kata tena, katikati patakuwa kijivu na laini zaidi. Kitakapotokea kidoa cheusi chenye unyevu katikati, hapo simama, nyama iko karibu kabisa. Kanuni hii ndiyo itakayokuokoa kwenye kucha nyeusi ambazo huwezi kuona ndani. Zile za pembeni zisizogusa ardhi zisisahaulike. Hazisagiki, na zinaweza kujikunja hadi kuchoma ngozi. Damu ikitoka, bonyeza poda ya kuzuia damu, au unga laini wa wanga ukikosa poda, kwa dakika 3 bila kuchungulia.

Usisubiri wiki zile 4 ukiona haya: kuwashwa kunakomkosesha usingizi, mabaka yasiyo na manyoya, vipele vya usaha, mafuta na harufu nzito pamoja na ngozi nyekundu au nyeusi iliyokunjamana, au maumivu mgongoni baada ya kuoga. La mwisho linahusu Boxer hasa: aina hii hupata uvimbe wa saratani ya ngozi zaidi ya mbwa wengi, na kwa macho unaweza kufanana na kipele cha kung'atwa na mdudu. Ule uzungushaji wa brashi ya mpira mara 3 kwa wiki ndio utakaokugundulisha. Ukipapasa kinundu kipya, usikiminye. Kipime kwa rula, kipige picha, andika tarehe, na umpeleke kwa daktari akitoboe kwa sindano nyembamba aangalie seli zake.